Mzee Povu, Mkewe na Tangi la Matumbawe

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwakumbusha wateja kwamba kufuga samaki ni kufuga maji, fundi wetu mkuu wa uchujaji anastaafu tarehe 30 Juni. Humu karakanani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Povu, kwa ajili ya ile mashine ya povu inayonasa uchafu kabla haujaoza ndani ya tangi. Wengine huifungua ili wajue inaumwa nini. Yeye huisikiliza tu.

Amefunga matangi ya maji chumvi sebuleni kwa watu wasiohesabika, na karibu mafundi wote mnaowaona hapa wamepita mikononi mwake. Somo lake la kwanza halikubadilika: maji yakipungua kwa joto, chumvi haiendi popote, kwa hiyo ongeza maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, usiongeze chumvi juu ya chumvi. La pili: usiyashtue maji. Kosa lolote, hata kubwa, lirekebishe polepole.

Nyumbani nako alikuwa na tangi lake la matumbawe, na hapo ndipo penye pilipili. Alilisimamisha karibu na dirisha, pale pale palipokuwa na cherehani ya mkewe, ambaye ni mshonaji. Cherehani ikahamia kwenye korido. Shemeji yetu hakusema kitu siku hiyo. Alisema siku zote zilizofuata.

"Mke mwenzangu wa kioo kaamkaje?" aliuliza kila alipomkuta mumewe ameinama anapima chumvi, chai inapoa mezani. "Mimi nikiumwa kichwa naambiwa nimeze kidonge. Yeye akififia rangi tu, mafundi wanaitwa!"

Akaapa hataligusa tangi lile maisha yake. Na kweli hakuligusa, mpaka Mzee Povu aliposafiri kumfungia mteja tangi mji mwingine. Jirani wa ukuta mmoja akaleta mtu wa kupulizia mende dawa, na harufu ikaingia sebuleni. Dawa ile ikifika majini, hakuna kitakachobaki. Simu ikalia karakanani, nikaipokea mimi, fundi wa vipimo.

"Shemeji, kwanza zima mashine ya povu," nikaanza kwa pupa. "Inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma..."

"Nimeshaizima. Tangi nimelifunika kwa shuka, madirisha yako wazi. Ninachouliza ni mkaa mpya wa kuchujia uko wapi. Huyu bwana anaficha vitu kama panya."

Nilimwelekeza. Akabadili mkaa, na kwa siku kadhaa akabadilisha maji kidogo kidogo, akihakikisha chumvi na joto vinalingana na vya maji ya zamani. Alikufa kamba mmoja mdogo tu. Mzee Povu aliporudi alikuta tumbawe lake kubwa, alilolilea tangu likiwa kipande cha ukubwa wa kidole cha mwisho, limechanua kama kawaida. Akamshukuru mkewe sana. Kisha akaona samaki wote wamejazana upande aliosimama mkewe.

Hapo wivu ukahama nyumba. Shemeji alikuwa ameyapenda maji, na maji yamempenda. Mzee akawa anatulalamikia huku anakaza mabomba: "Nimewalea mimi! Yeye kawalisha siku mbili tatu, leo nikipita wananigeuzia mkia!" Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akaangusha kioo. Lakini mzee hakuwa anatania. Alianza kukimbilia nyumbani ili apime kabla mkewe hajapima. Mke akisogeza tumbawe penye mwanga, mume analirudisha.

Siku moja alikuja na chupa ya maji, uso umemshuka. Ncha za lile tumbawe kubwa zilikuwa zinageuka nyeupe. Nikapima. Alkali, ile dawa inayoyasaidia matumbawe kujenga mifupa yake, ilikuwa juu kupita kiasi.

"Unaweka kiasi gani, Mzee?"

"Kile kile cha siku zote."

Nikampigia mkewe, simu wazi ili sote tusikie. "Shemeji, na wewe unaweka alkali?"

"Kila asubuhi, akishatoka. Nilijua anasahau."

"Sikusahau!" Mzee akapiga meza. "Naweka kabla hujaamka, usije ukaniwahi!"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila mmoja alikuwa amemlisha mtoto kwa siri, ili apendwe peke yake, na mtoto alikuwa anakufa kwa shibe.

Wakaacha kuongeza chochote, wakaiacha alkali ishuke yenyewe. Nusu ya tumbawe haikupona. Nilikuwapo Mzee alipoikata ile sehemu iliyokufa, mkewe amemshikia beseni. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wakapatana: mke atapima na kuongeza dawa, mume atasafisha pampu na kufua mifuko ya kuchujia. Yaani fundi mkuu wetu, kwake ni dobi. Anasema wivu haujaisha, ila siku hizi akiusikia anautamka.

Ijumaa iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, tulimwomba Shemeji aseme mawili matatu. Tulitegemea utani wa mke mwenza. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnadhani nililionea wivu tangi," alisema. "Tangi lilikuwa nyumbani kwangu, nililiona. Niliowaonea wivu ni ninyi. Mlikuwa mkimpata asubuhi akiwa na nguvu, anacheka, anafundisha. Mimi mlinirudishia jioni kilichobaki. Asanteni kwa kumtunza. Sasa nipeni mume wangu."

Mzee Povu alivua aproni yake, akaikunja, akamfuata mlangoni.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako na subira yako. Ukazeeke salama, kwenye maji yaliyotulia, na kando yako awepo anayekutaka mzima. Sisi tunabaki hapa, tukimwonea wivu yeye.