Kocha Kutoka Pwani

Katika basi dogo la Goroka, mji wa milimani, kijana mwenye viatu vya raga shingoni alimwambia mama aliyekaa naye mbele yangu, "Leo sichezi. Wamemfukuza kocha wetu Kaupa, wakaleta mtu wa pwani!"

"Wa pwani hana akili?" mama akauliza, akimmegea kiazi chake kitamu.

"Hata baridi yetu haijui, mama."

"Basi mpe koti, mwanangu, mimi usininunie."

Basi zima lilicheka, na yeye pia, mdomo umejaa kiazi.

Tulipofika uwanjani, kocha mgeni alikuwa amesimama kwenye mvua, amevaa fulana ya mikono mifupi, akitetemeka. Dereva alisimamisha basi. Nikasogeza gunia langu, kijana apate njia. Kijana alimtazama kocha dirishani, akafungua zipu ya koti lake kama anayetaka kulivua, akaifunga tena.