Maneno Matano ya Kipimo Changu

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, nawe kifungua mimba zima hiyo simu, na kitinda mimba wangu nishike mkono, maana leo kichwa kimetulia na sijui kesho kitaamkaje.

Daktari amewaambia mimi mzima. Namjua, nilimfundisha mwenyewe chuoni, ana adabu kupita kiasi. Alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akanisomea maneno matano, kijiko, mlango, shati, kisima, ufunguo, akapiga soga kidogo, kisha akaniomba niyarudie. Nikayamwaga yote. Akafurahi, nanyi mkafurahi, mkanipeleka kunywa chai. Lakini wanangu, kipimo kile nilikitunga mimi! Maneno hayo niliyachagua pale mezani, mama yenu akinicheka kwamba profesa mzima kazi yake kukariri vijiko, na nimewasomea wagonjwa maisha yangu yote. Hayo ndiyo yatakuwa ya mwisho kunitoka. Nilimwambia daktari, akadhani namtania, na kumpima mwalimu wake kwa kipimo kingine anaona haya.

Jana nilimtengea mama yenu kikombe, nikakaa kumngoja, hadi nikakumbuka kwamba tulimzika. Nikalia upya kama siku ile. Nimesoma ubongo wa watu tangu ujanani, najua ni wapi pamezimika na wapi patafuata, na sina la kufanya. Naogopa, wanangu.

Basi shikeni neno langu kabla sijaanza kulikana. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, ndiye anayenifunga vifungo vya shati. Wewe mkubwa ulinuna alipoacha kazi kuja kunitunza, sasa kununa kwako kuishe. Ubongo wangu upelekeni maabara, wanafunzi waupasue waone yale daktari wenu hakuyaona. Nikimwita mmoja wenu mwizi, msinibishie, wala msinihoji, "baba, mimi ni nani?" Nitajieni tu majina yenu, mkae nami.

Inamisheni vichwa niwabariki. Mungu awalinde, awape... awape kuvumiliana, msiachane mkono hata... nilikuwa nasema nini? Nimechoka. Kijiko, mlango, shati, kisima, ufunguo. Mmeona? Yote yapo.

Na wewe binti unayenishika mkono, pole, unamlilia nani? Giza linaingia, mama, watakutafuta. Kwenu ni wapi?