Miguu Niliyompa Clifton Varr

Sogeeni, wanangu. Delphine, kaa hapa kitandani. Royce, acha kutazama saa, kufa kwangu hakuna ratiba. Nyumba hii ya Burbank ni ya mama yenu mpaka naye anifuate. Gari mligombanie mkitaka, halina breki. Viatu vyangu vyenye vyuma nyayoni nizikwe navyo, na atakayebisha nitamtokea akioga.

Sasa neno lenyewe. Mnaijua ile filamu ambayo Clifton Varr anashuka ngazi ishirini akicheza dansi ya kugonga viatu mbele ya mrembo, mpaka mrembo anakubali kuolewa? Uso Clifton alikuwa nao, lakini miguu ilikuwa ya bata. Kamera ilichukua picha tu. Mlio wa viatu uliwekwa baadaye, chumbani, mtu akiitazama picha ukutani na kugonga ubao hatua kwa hatua. Mtu huyo ni mimi, miguu bora Hollywood nzima, na simung'unyi maneno. Nikatia saini mkataba wa studio kwamba sitamwambia yeyote, hata mke. Na kwa kuwa mke sikuwa naye, nikaona rahisi. Mjinga mimi!

Nikamwoa mama yenu. Wiki ya kwanza tu akaniambia, "Orville, unacheza vizuri, mume wangu, ila humfikii Clifton. Miguu yake niliisikia nikalia." Miaka thelathini na moja, wanangu! Filamu ikirudiwa ananinyamazisha: "Shii, msikilize mwanamume!" Namwonea mtu wivu, na mtu mwenyewe ni mimi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwangu nikaambiwa nikae chini. Studio imekufa, Clifton kafa, nami bado nalinda ahadi kama mbwa aliyesahauliwa kwenye nyumba iliyohamwa. Msikubali kamwe, wanangu, kuificha kazi ya viungo vyenu.

Nilitaka nyinyi ndio mmwambie nikishazikwa. Lakini hapana, hataamini. Nisogezeni nifikie ubao wa kitanda, niugonge kwa kucha. Hivi... ngazi ya kwanza... ya pili... ile ya kuzunguka...

Mmesikia? Mama yenu kaacha kuosha vyombo huko jikoni.

"Nani kafungua televisheni?" anauliza. "Si Clifton huyo!"

Msimjibu. Mwiteni... aje auone mkono. Mungu awape pumzi ndefu kuliko yangu, na wenzi wenye... macho na masikio. Royce, mlango... ufungue wote, upesi. Zimebaki ngazi nane.