Muuguzi Aliyekalia Faili

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, binti mkubwa kati ya wawili wa fundi cherehani na mkewe. Alimaliza sekondari mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Akasomea uuguzi, na kuanzia mwaka 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011 alihudumu katika wodi ya wazazi.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyetengeneza taa moja ya wodini kwa siku tatu.

Lipo jambo ambalo mwenyewe hakulificha. Juni 1983 mdogo wake alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu mtoto alikuwa bado hajapata choo, na tumbo limevimba.

"Gesi tu hiyo, mdogo wangu. Usijitie presha," alimwambia.

Mtoto alifariki siku ya tisa. Daktari alieleza kwamba kipande cha utumbo mpana kilikosa neva za kusukuma choo. Hali hiyo ni nadra, na hutibika kwa upasuaji ikiwahiwa.

Tangu hapo, hakuna mama aliyeruhusiwa kutoka wodini kabla marehemu hajaiona kwa macho yake nepi yenye choo cheusi cha kwanza. Wakamwita Mama Nepi. Mwaka 1994 daktari mgeni aliandika kichanga mmoja aende nyumbani. Marehemu akalichukua faili, akaliweka kitini, akalikalia.

"Sista, naomba faili."

"Mlete daktari wa upasuaji, nitasimama."

Kinyama cha utumbo kilipopimwa, ugonjwa ulikuwa uleule. Mtoto alifunguliwa njia ya choo tumboni, na alipofikisha miezi minane kipande kibovu kikakatwa, utumbo ukaunganishwa. Akapona. Wenzake wanahesabu watoto kumi na mmoja aliowawahi namna hiyo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Mdogo wake ndiye aliyemuuguza. Alhamisi ya mwisho ya uhai wake, wakiwa wawili chumbani, marehemu alimuuliza, "Yule mtoto... ulishanisamehe?"

"Meza dawa kwanza, dada. Tutaongea."

Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, saa nne asubuhi, kabla hawajaongea.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

Nilikusamehe zamani, dada, siku ile ulipolikalia faili. Sasa pumzika.