Kaka Yetu Fundi Chaji na Chaja Zake Nne

Waombolezaji wenzetu, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, nami naomba mnivumilie, maana karatasi nilizopewa hazipatani, na aliyeweza kuzipatanisha ndiye huyu tunayemzika.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kama Fundi Chaji, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 kwa mujibu wa kadi ya kliniki, au 1960 kwa mujibu wa kitambulisho, akiwa mtoto wa kwanza wa mama mshona sare na baba fundi wa kupaka rangi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akafuzu umeme katika chuo cha ufundi mwaka 1979, na tarehe 2 Juni 1980 akaajiriwa kwenye karakana ya uwanja mdogo wa ndege, katika chumba cha betri, asitoke humo hadi alipougua. Tarehe 15 Desemba 1984 alimuoa shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 2006 mkuu wa karakana alinunua chaja kubwa ya malori ili betri zijae upesi, kaka akakataa kuigusa, akieleza kwamba betri ya ndege, hii ya madini ya risasi na asidi, ikisukumwa kwa nguvu huchemka na kufa ndani huku nje ikionekana nzima, kwamba inataka chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, na kwamba iliyolala muda mrefu hufufuliwa kwa umeme kidogo kidogo, siku nyingi, kisha ipimwe kwa mzigo, yaani ikiendesha vifaa, ndipo itiwe saini. Rubani wa ndege ya wagonjwa, aliyekuwa na haraka, alimwambia mbele ya watu, “Fundi, taa ni ya kijani, unataka nini tena?” Kaka akajibu, “Nataka urudi.”

Kwa kukataa huko alisimamishwa kazi miezi miwili, na sisi nyumbani, niseme kweli, tulimwona mkaidi tu. Mwaka uliofuata jenereta ya ndege ile ilizimika mawinguni, na betri aliyoihudumia kaka ikabeba redio na vipimo dakika thelathini na moja, hadi wakatua. Rubani huyo yupo hapa leo, ameketi upande wa familia, na sijui nani alimkaribisha huko.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2018, akalazwa tarehe 9 Januari 2019, akafariki tarehe 21, saa tisa alasiri. Siku mbili kabla alimwambia shemeji, “Ile ya pili msiizime.” Shemeji alidhani ni mashine iliyo kando ya kitanda, akamsihi muuguzi, akaambiwa ya pili ni ya mgonjwa wa jirani. Juzi nilikwenda karakana na mwenzake wa kazi, tukakuta chaja nne ukutani, zote zinafanya kazi, kila moja na betri iliyokwisha kukataliwa, tukashindwa kujua ni ya pili kutoka mlangoni au kutoka dirishani. Mwenzake akasema, “Miaka kumi na moja nipo naye, na sijui alianzia kuhesabu wapi.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuletea viti na maji, na wenzake wa karakana mliolibeba jeneza.

Kaka, sasa pumzika, hatujazima hata moja.