Sakafu ya Ijumaa

Basi kutoka Migori lilipokaribia Homa Bay, Mwalimu Awino wa shule ya mtaa alitega sikio. Mbele yake Mwanamvita, muuza leso, alikuwa akimtafutia bintiye hodari shule ya kuingia darasa la sita.

"Akademi, ile ya kulipia, ina sakafu ya simiti," alisema. "Hapo mtaani, kila Ijumaa mtoto apeleke mavi ya ng'ombe ya kupaka sakafu ya darasa. Mimi ng'ombe nitamtoa wapi?"

"Mama, wangu yuko akademi," akajibu Javan, mfugaji wa Uriri aliyeketi kando yake. "Siku hizi anasalimia hata kuku kwa Kiingereza, na kuku hawajibu. Mpeleke mtaani. Mavi nitakuletea mimi."

"Kila Ijumaa? Na mume wangu nitamwambia nini?"

Basi likasimama Homa Bay. Awino, aliyemtaka sana mtoto huyo shuleni kwake, nusura aropoke kwamba hata mavi ya mbuzi yanapokelewa.