Lindsay Trembath Anaondoka, na Paa Halivuji

Ndiyo, miaka thelathini na minane na miezi kumi. Hujasoma vibaya hapo kwenye jalada la kijitabu hiki cha kumuaga, wala bosi wetu Glenys hakukosea kuchapa. Lindsay Trembath aliingia Gereji ya Pascoe, hapa Kadina, Februari 1987, akiwa na miaka ishirini na mitano na nywele kibao. Anatoka Ijumaa hii, tarehe 12 Desemba 2025, akiwa na sitini na nne, na nywele anajua mwenyewe alikoziacha.

Kazi ya kumwandika nimepewa mimi, Darcy Rowett, kwa sababu wengine wote pale gereji walisema mikono yao ina grisi. Shule niliiacha mapema, hatukuelewana. Mimi natafuta spea za magari ya zamani, na wanaonijua watakwambia huwa nauza hata nisichonacho. Kwa hiyo ukikuta kosa humu ndani, ligonge kidogo kwa nyundo, litanyooka.

Kabla hajawa fundi bodi, Lindsay alikuwa anapakia ngano kwenye meli kule Wallaroo. Mzee Pascoe, baba yake Glenys, alimchukua kwa majaribio tu. Tangu siku hiyo amenyoosha pua za magari yote ya rasi hii yaliyowahi kukutana na kangaruu. Amenyoosha gari la mchungaji lililogonga ukuta wa kanisa lake mwenyewe. Amenyoosha gari la mkulima mmoja lililokanyagwa na trekta la mkulima huyo huyo, na siku ile hakucheka mbele ya mteja, alitoka nje akaenda kucheka nyuma ya tangi la maji. Kwenye maonyesho ya magari ya zamani amechukua kikombe cha kwanza mara saba. Vikombe vyote viko chooni kwao, maana mkewe Coralie alisema sebuleni havikai.

Umaarufu wake lakini ni risasi, namaanisha hii ya kuyeyusha. Siku hizi mafundi wanaziba mishono ya bodi kwa puti ya kopo. Lindsay anayeyusha risasi juu ya mshono, halafu anaisambaza kwa kibao cha mti alichokichovya kwenye mafuta ya kondoo ili ising'ang'anie. Mafuta yenyewe yanatoka jikoni kwa Coralie, ya ile nyama ya kuoka ya Jumapili. Ndiyo maana Jumatatu gereji yetu inanukia chakula, na mbwa wa mtaa mzima wanawahi kazini kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye lile jambo ambalo nusu ya watu waliomo ukumbini humu wamelisikia vibaya. Nusu hiyo walilisikia kwangu, kwa hiyo ngoja nilirekebishe.

Mnamjua Mama Merle Hoskin, mpiga kinanda wetu kanisani, miaka themanini na minane. Mnalijua gari lake, lile Holden la mwaka hamsini na nane, la rangi ya maziwa. Na mnaijua ile kofia yake ya plastiki ya mvua, anayoivaa ndani ya gari, milango na vioo vimefungwa. Tulishazoea. Tukasema mama wa watu ana mambo yake.

Machi mwaka huu akaleta gari gereji. Kutu ilikuwa imekula ule mfereji mdogo wa maji unaozunguka paa, upande wa kulia, mpaka ukitia kidole kinatokea ndani. Lindsay akatikisa kichwa, akasema hapa hakuna kuziba, paa lote linatoka. Halafu akauliza, kama fundi yeyote anavyouliza:

"Lilianza kuvuja lini, Mama Hoskin?"

"Julai."

"Julai iliyopita?"

"Julai ya themanini na saba, mwanangu."

Pale gereji hata redio iliona aibu.

Kumbe ilikuwa hivi. Mei 1987 tawi la mkaratusi liliangukia gari lile pale kanisani. Mzee Pascoe akampa Lindsay, mgeni wa miezi mitatu, abadilishe paa, paa lake la kwanza kabisa. Lindsay akalibadilisha. Siku ya kukabidhi gari, Mzee Pascoe akasema mbele ya mteja, kwa ile sauti yake ya kuita kondoo: "Kazi ya kijana huyu ikirudi hata moja, na yeye anarudi kwenye ngano." Na Coralie alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mvua ya kwanza ya Julai ikaingia moja kwa moja kwenye sikio la kulia la Mama Hoskin. Akaenda dukani, akanunua kofia.

"Nilitaka kusema ukishazoea kazi," akamwambia Lindsay. "Halafu ukawa mzuri sana. Nikaona nitakuaibisha."

Nimemfahamu Lindsay miaka ishirini na sita. Nimemwona ameangukiwa na jeki mguuni akamalizia kunywa chai kwanza. Siku ile alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. Aliposimama akatangaza, na wote tulisikia: paa hili atalibadilisha yeye, na siku ya kumaliza litamwagiwa maji mbele ya watu. Likivuja tone moja, hastaafu. Anabaki kazini mwaka mzima, alipe deni.

Coralie akapata habari kabla Lindsay hajafika nyumbani, msiulize kwa nani. Kumbuka huyu mama ana karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, lilishanunuliwa na kuoshwa, na safari ya kaskazini imeahirishwa mara tatu kwa sababu ya gari la fulani. Akapiga simu gereji, Glenys akaiweka kwenye spika.

"Lindsay, likivuja, mimi naondoka na karavani. Wewe bakia na Holden."

"Halitavuja, mke wangu."

"La kwanza ulisemaje?"

Paa la kubadilishia nililitafuta mimi. Nimezunguka mashamba ya ngano wiki sita, mpaka nikalikuta moja safi, halina kutu, kwenye gari lililokuwa limekaa bandani tangu enzi hizo. Tatizo, ndani anaishi mbwa. Mwenye shamba akasema paa nichukue bure ila mbwa asilale nje. Nikamjengea nyumba, ina hadi baraza. Mpaka leo nikipita ananibwekea kama mwenye nyumba aliyemfukuza.

Kutoa paa la zamani kulichukua siku tatu. Lindsay alitoa vioo, akateremsha kitambaa cha dari, akaweka vyuma vya kushikilia bodi isijikunje, akatoboa nukta za kuchomelea moja moja, zaidi ya mia. Tulipolinyanyua na kuligeuza, upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Wanyoosha bodi wana tabia hiyo, kuandika jina pale ambapo hakuna atakayeona mpaka fundi mwingine afungue. Yalisema: "L. Trembath, paa langu la kwanza, Juni 1987. Mungu nisaidie."

Glenys akasema, "Nadhani siku hiyo Mungu alikuwa na wateja wengi."

Paa la pili hakulifanya kwa haraka. Alilifunga kwa skrubu tu, akarudisha milango, akarudisha vioo, akafunga na kufungua kila mlango huku amefumba macho anasikiliza. Akafungua skrubu zote, akasogeza paa upana wa kucha, akaanza upya. Mara nne. Mara ya nne mlango wa dereva ulijifunga kama mtu anayenong'ona. Ndipo akaandika jina lake upande wa ndani: "L. Trembath, paa la mwisho." Coralie alikuwa ameleta mafuta ya kondoo. Akasoma, rangi bado mbichi, akafuta neno "mwisho" kwa kidole gumba.

"Usimwekee Mama Hoskin uongo juu ya kichwa," akasema.

Baada ya hapo nukta za moto, risasi, mafuta ya kondoo, mbwa kumi na mmoja mlangoni. Halafu gundi ya mishono ndani ya ule mfereji, mkono wa Lindsay ukitembea polepole kama anampaka mtoto dawa. Halafu rangi.

Na hapa niseme ukweli, kwa kuwa leo ni siku yake. Sisi tulitaka livuje. Siyo mafuriko. Tone moja tu, la heshima. Hakuna mwingine pale gereji anayeweza kupaka risasi hivyo, na hakuna anayejua kukaa kimya vizuri vile ukiwa umeharibu kitu. Glenys mwenyewe ndiye aliyewaita zimamoto wa kujitolea waje na gari lao Jumamosi iliyopita. Mpira wa bustani ungetosha.

Mama Hoskin akafika saa nne asubuhi bila kofia, ametoka saluni, nywele zimepangwa wimbi kwa wimbi. Akaingia kwenye gari na gazeti.

"Nimelipia kichwa hiki," akamwambia Lindsay. "Kazi kwako."

Mimi nikafungua mlango, nikajifanya nafuta kiti, na kidole changu kwa bahati mbaya kikazungusha kile kishikio cha kushusha kioo. Kidogo tu.

"Darcy," akasema bila kuinua macho kwenye gazeti, "toa mkono wako wakati bado una vidole."

Akazungusha kioo mpaka juu. Maji yakafunguliwa. Yakalipiga Holden juu, ubavuni, nyuma. Dakika tano zikapita. Glenys akawapungia zimamoto mkono: ongezeni! Wakaongeza. Coralie alikuwa amesimama kwenye boneti la gari lake ili aone, anauma ukosi wa shati. Lindsay aligeukia ukutani, hakutazama hata mara moja.

Maji yakafungwa. Yakabaki yanashuka kwenye ule mfereji, yanatoka nyuma kwa adabu. Mlango ukafunguka. Mama Hoskin akashuka taratibu, akakunja gazeti, likatoa ule mlio mkavu.

"Nimesoma matangazo yote ya vifo," akasema. "Simo. Na sijalowa."

Coralie akapiga kelele iliyosikika hadi mji wa jirani, Moonta. Sisi wa gereji tukapiga makofi huku nyuso zimetuanguka, ungedhani timu yetu imefungwa. Mama Hoskin akafungua mkoba wake, akatoa ile kofia ya plastiki, akamvalisha Lindsay kichwani, akaifunga chini ya kidevu.

"Chukua, mwanangu. Mimi sina kazi nayo tena."

Lindsay akasema kuna maji yamemwingia machoni. Alikuwa amesimama mita kumi kutoka kwenye maji.

Kwa hiyo anaondoka, paa lake mwenyewe ndilo limempa ruhusa. Lindsay, ahsante kwa miaka yote hiyo, kwa milango inayonong'ona, na kwa kunyamaza kila tulipoharibu. Coralie, ahsante kwa mafuta. Nendeni salama huko kaskazini, barabara iwe nzuri, kangaruu wakae mbali, na jua liwawakie mpaka mchoke. Gereji nzima inawatakia maisha matamu, na kitanda chenye kutosha wawili ndani ya hilo karavani.

Sasa, wewe unayesoma, sogea karibu, tuongee. Coralie amenikubalia jambo moja, mbele ya Glenys: paa moja kwa mwaka, halizidi. Wanarudi Agosti. Kama una gari la zamani na paa limeoza, usilipeleke kokote. Agosti nakuja nalifuata mwenyewe, tunaliegesha mbele ya nyumba yao, tunajifanya tumepotea njia. Atakataa. Tunakaa. Atakataa tena. Mara ya tatu atatoka nje "kuangalia tu", na hapo tumemaliza kazi. Wewe toa gari na pasti sita za moto za nyama na viazi. Mimi naleta kopo la mafuta ya kondoo. Nafasi ya mwaka wa kwanza bado iko wazi, nipo pale karibu na meza ya chai. Njoo tupeane mikono kabla Mama Hoskin hajaniwahi, maana ameshaanza kuulizia sakafu ya Holden lake.